Mahindi na Jamii ya Kunde: Jinsi Shamba Linavyorudishiwa Nguvu Zake

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo lililo karibu na kila nyumba, nalo ni shamba la mahindi. Wako wengi miongoni mwetu ambao kila mwaka hupanda mahindi mahali pale pale, kisha hushangaa kuona mavuno yakipungua. Mwaka wa kwanza, pori lilipofyekwa, ekari moja ilijaza ghala. Baada ya miaka michache mabua yamekuwa membamba, na majani ya chini hugeuka manjano kuanzia nchani, rangi ile ikifuata mshipa wa katikati ya jani. Wengine husema mbegu imeharibika. Wengine husema mvua si ile ya zamani. Tena wako hata wanong'onao juu ya jirani mwenye kijicho. Mbegu na mvua zina sehemu yake, hatukatai. Lakini mara nyingi sababu ni hii tu: shamba limetolewa mwaka hata mwaka, wala halikurudishiwa kitu.

Watu wa kale walilijua jambo hili. Wazee wetu walilima mahali miaka michache, kisha wakahamia kwingine, wakaiacha nchi iote majani na kupata nguvu tena. Hata katika Torati mwaka wa saba nchi iliachwa ipumzike. Siku hizi watu wamekuwa wengi, na nyumba nyingi zina ekari moja au mbili tu. Ni nani awezaye kuliacha shamba lake lilale miaka mitano, na watoto wanataka kula? Basi twauliza: je, liko pumziko ambalo ndani yake shamba hupata nguvu, na nyumba nayo hupata chakula? Liko, nalo ni kupokezana kwa mahindi na mimea ya jamii ya kunde, yaani karanga, mbaazi, soya, maharage, choroko, njugu mawe na kunde zenyewe.

MAHINDI HUCHUKUA NINI

Kila mmea una chakula chake. Katika vyakula vya mahindi, kimoja kipitacho vingine kwa kuhitajiwa huitwa naitrojeni. Hicho ndicho kifanyacho majani kuwa kijani kibichi na mabua kuwa manene. Ajabu ni kwamba naitrojeni imejaa hewani: katika sehemu 100 za hewa tuivutayo, sehemu 78 ni hiyo. Lakini mahindi hayawezi kuitwaa hewani. Hali yake ni kama ya baharia mwenye kiu katikati ya bahari: maji yamemzunguka pande zote, wala hawezi kuyanywa. Mahindi hunywa tu naitrojeni iliyokwisha kugeuzwa na kuwekwa katika udongo.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, maana mali bila daftari huisha bila habari. Gunia moja la mahindi la kilo 100 huchukua shambani naitrojeni yapata kilo 1 na nusu katika punje zake. Mtu akivuna magunia matano, ameondoa kilo 7 na nusu. Kisha akiyakusanya mabua na kuyachoma moto, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyosalia ndani yake hupaa pamoja na moshi. Hubaki majivu, ambayo yana manufaa yake, lakini naitrojeni imekwenda. Afanyapo hivyo miaka kumi, ni kama mtu atoaye akiba yake kila mwezi bila kuweka hata senti moja, kisha akasirike siku aambiwapo kwamba sanduku ni tupu.

Iko njia ya kununua. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na mwenye uwezo akiutumia vizuri hupata faida. Lakini bei ya mbolea ya dukani haiko mikononi mwetu. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, bei ilipanda ulimwenguni kote, hata wakulima wengi wakanunua kidogo kuliko walichozoea, na wengine wasinunue kabisa. Nyumba itegemeayo duka peke yake hulala na hofu kila msimu.

SIRI ILIYO KATIKA MIZIZI

Mimea ya jamii ya kunde ina jambo ambalo mahindi hayana. Chimba shina la karanga au la soya wakati wa kutoa maua. Usiling'oe kwa nguvu, maana utakitafutacho kitakatika na kubaki ardhini. Chimba pembeni kwa jembe, uliinue pamoja na udongo wake, ulioshe polepole katika ndoo ya maji. Utaona katika mizizi vinundu vidogo, vingine kama punje ya mtama. Huo si ugonjwa. Ndani ya vinundu hivyo hukaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo rizobia. Mmea huvilisha vijidudu hivi sukari iliyotengenezwa na majani, navyo huitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Ni ujirani mwema: huyu atoa nyumba na chakula, yule atoa kazi.

Ukikipasua kinundu kwa ukucha, tazama rangi yake. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Wekundu ule watokana na kitu kinachofanana na kile kiipacho damu yetu rangi. Kikiwa cheupe, cha kijani au cha kijivu, hakifanyi kazi, ama bado ama kimekwisha kuchoka.

Siri hii ilichukua muda mrefu kufunuliwa. Mwaka 1838 Mfaransa mmoja, jina lake Jean-Baptiste Boussingault, alionyesha kwa mizani ya kwamba njegere na majani ya klova hupata naitrojeni hata zikipandwa katika mchanga usio na rutuba, na ngano haipati. Lakini hakuweza kueleza sababu. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel, ambaye alifanya kazi pamoja na Hermann Wilfarth, aliwaeleza wataalamu waliokutanika Berlin kwamba kazi ile hufanyika katika vinundu kwa msaada wa vijidudu. Na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alivitoa vijidudu vyenyewe katika vinundu na kuvikuza peke yake. Hata hivyo wakulima wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuona kwa macho, karne nyingi kabla ya hao, ya kuwa nafaka hustawi mahali palipolimwa kunde mwaka uliopita.

HESABU YA MAVUNO

Mtu atauliza: faida yenyewe ni kiasi gani? Mwaka 2018 wataalamu walitoa makala ya hesabu walizozikusanya katika majaribio mengi yaliyofanywa Afrika kusini ya Sahara. Walilinganisha nafaka, hasa mahindi, iliyofuata nafaka, na nafaka iliyofuata mazao ya jamii ya kunde. Waliona ya kuwa, ukichukua wastani, ile iliyofuata kunde ilizidi kwa sehemu 41 katika 100, yaani karibu nusu tani katika hekta moja. Tukiligeuza neno hili kwa kipimo chetu cha ekari, ni kama shamba lililokuwa likitoa magunia karibu matano ya kilo 100 kutoa sasa karibu saba.

Lakini tuseme kweli yote. Huo ni wastani: mahali pengine faida ilikuwa kubwa kuliko hiyo, na mahali pengine ndogo. Tena mahindi yaliyokwisha kutiwa mbolea nyingi ya naitrojeni hayakuonyesha tofauti kubwa, maana aliyekwisha kushiba hahitaji sahani ya pili. Wala faida si ya naitrojeni peke yake. Wadudu na magonjwa ya mahindi hukosa makao mwaka ule ambao mahindi hayapo. Kiduha, gugu lile linyonyalo mizizi ya mahindi chini ya udongo, mbegu zake hudanganywa na mizizi ya soya, karanga au kunde: huota kwa kudhani mahindi yamefika, kisha hukosa pa kushika na kufa.

SI KILA KUNDE HURUDISHA SAWA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wamesikia ya kuwa kunde hurutubisha udongo, basi hupanda maharage, huyang'oa pamoja na mizizi, huyapeleka nyumbani kwa kupura, na maganda huyatupa nyuma ya jiko au huyachoma. Mwaka wa pili hawaoni tofauti yo yote, nao husema, "Tumedanganywa." Hawakudanganywa na maharage, naitrojeni imepita katika mikono yao wenyewe.

Jueni ya kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni aliyoikusanya mmea hukaa katika mbegu zake, maana mbegu za kunde zina nguvu nyingi za kujenga mwili, na nguvu hizo hutengenezwa kwa naitrojeni. Gunia la soya la kilo 100 lina naitrojeni yapata kilo 6, yaani mara nne ya gunia la mahindi. Tukiuza gunia hilo, naitrojeni hiyo imeuzwa pamoja nalo. Kibakicho shambani ni mizizi, majani yaliyoanguka, na matawi. Na kama matawi nayo yameondolewa, kumebaki kidogo sana. Basi shauri ni hili: mbegu ni za nyumba, majani ni ya shamba.

Tena mimea yenyewe haina tabia moja. Maharage hukomaa upesi, na kwa kawaida huitwaa naitrojeni ya hewani kidogo kuliko wenzake. Yakipandwa chini ya kivuli cha mahindi hupungua zaidi. Ni chakula bora, lakini tusiyatwishe mzigo wa kulilisha shamba. Soya huitwaa nyingi, lakini hupeleka karibu yote katika mbegu. Tena mahali ambapo haijapata kulimwa, mara nyingi udongo hauna vijidudu vinavyopatana nayo, na mbegu hupaswa kupakwa vijidudu vya kiwandani kabla ya kupandwa. Karanga hurudisha vizuri, kwa sharti kwamba majani yake yarudi shambani yakiisha kuchumwa maganda. Mbaazi zapita nyingi: mzizi wake hushuka chini sana na kufungua udongo mgumu, husaidia kuifungua fosfori iliyofungwa na chuma katika udongo, nao mmea hudondosha majani miezi mingi, hata chini yake pakawa kama pametandikwa mkeka. Majani hayo hurudi udongoni bila mtu kuinama.

MAREJEA, NA HABARI ZA EKWENDENI

Iko njia nyingine ya kurudisha nguvu, nayo ni kupanda mmea kwa ajili ya udongo tu. Kusini mwa Tanzania, watawa wa Kibenedikti wa Peramiho waliuhimiza sana katika miaka ya 1980 mmea wa jamii hii uitwao marejea. Mmea huu husongamana, huzuia magugu, kisha hufukiwa ukiwa mbichi, na mahindi yafuatayo hustawi. Jina lake lafaa kazi yake. Lakini lipo tatizo ambalo mama wa nyumba huliona mara moja: mbegu zake haziingii chunguni. Nyumba yenye ekari moja ikitoa nusu kwa mmea ambao mbegu zake haziliwi, watoto watakula nini msimu ule? Kwa sababu hiyo mwenye shamba kubwa aweza kuufuata, na mwenye shamba dogo huona vigumu kuupanda.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika Malawi ya kaskazini, walianza upande mwingine. Huko Ekwendeni iko hospitali ya misheni ya kanisa la CCAP. Wauguzi waliona watoto wakiletwa wamekonda, hutibiwa, hurudi nyumbani, kisha huletwa tena. Walipotafuta chanzo walifika mpaka shambani: katika miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, fedha ya nchi imeshuka, mashamba yamechoka, na chakula cha watoto kilikuwa uji wa mahindi mtupu. Basi mwaka 2000 muuguzi Esther Lupafya na wenzake, pamoja na mtaalamu Rachel Bezner Kerr, walianza kazi na wakulima wa vijiji vya karibu. Hawakupeleka mbolea. Walipeleka mbegu za karanga, mbaazi, soya na nyinginezo, wakawaachia wakulima wenyewe wachague na kujaribu.

Mchanganyiko mmoja uliopendeza ni karanga na mbaazi katika shamba moja. Mbaazi hukua polepole miezi ya kwanza. Hata zitakapotanda kivuli, karanga zimekwisha kuvunwa. Kisha mbaazi hubaki na kuzaa wakati wa kiangazi. Mwaka unaofuata mahali pale hupandwa mahindi. Mwaka 2010 wataalamu, Sieglinde Snapp na wenzake, walitangaza matokeo ya majaribio ya namna hii yaliyofanywa sehemu nyingi za Malawi: mahindi yaliyopokezana na jamii ya kunde, yakitiwa nusu tu ya mbolea, yalitoa mavuno sawa na mahindi ya kila mwaka yenye mbolea kamili, tena mavuno hayo hayakuyumba sana mwaka hata mwaka. Na mwaka 2011 ilitangazwa habari ya watoto wa Ekwendeni, ya kwamba katika vijiji vilivyoshiriki kwa muda mrefu uzito wao ulikuwa umeongezeka.

NANI ATAKULA, NANI ATAUZA

Katika habari ya Ekwendeni lipo neno tupendalo kila nyumba ilifikiri. Karanga, huko kama kwetu, kwa desturi ni zao la mwanamke. Kazi ya kufukia majani nayo iliangukia wanawake, juu ya kazi nyingine walizokuwa nazo. Kisha karanga zilipokuwa nyingi, wako waume waliozichukua sokoni na kutumia fedha peke yao, na uji wa mtoto ukabaki vile vile. Udongo ulipata; mtoto hakupata. Hapo watu wa Ekwendeni walitambua ya kuwa somo la shamba ni somo la nyumba pia. Walifanya mikutano ya mazungumzo, waume na wake pamoja, na siku za mapishi ambazo wanaume nao walipika mbele ya watu.

Twasema neno hili kwa upole lakini kwa wazi. Baba wa nyumba akikaa na mama wa nyumba kabla ya mvua, wakapatana ni debe ngapi za karanga zitabaki kwa uji wa watoto, ngapi kwa mbegu, na ngapi kwa soko, nusu ya vita imekwisha. Wasipopatana, mama atafanya nini? Atapanda kidogo, kiasi awezacho kukilinda. Na shamba litabaki la mahindi matupu.

Tena tusiliwekee soko tumaini lote. Wakulima wa mbaazi walijifunza jambo hili kwa uchungu: mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India, mnunuzi mkubwa kupita wote, iliweka kikomo cha mbaazi ziingiazo nchini mwake, na bei ikaanguka Tanzania, Malawi na Msumbiji. Wengine waling'oa mbaazi zao kwa hasira. Mwaka 2021 India iliufungua mlango tena. Aliyezihesabu mbaazi kuwa fedha tu alipata hasara yote. Aliyezihesabu kuwa mboga ya nyumba, kuni za jiko na mbolea ya shamba alipoteza sehemu moja tu ya nne.

JINSI YA KUFANYA

Mwenye ekari moja na aigawe sehemu tatu zilizo sawa. Sehemu mbili apande mahindi, na moja karanga pamoja na mbaazi. Kila mwaka sehemu ya kunde ihame, hata baada ya miaka mitatu kila sehemu iwe imepata zamu yake.

Tusifiche gharama. Tuseme ekari ilikuwa ikitoa magunia matano. Mwaka wa kwanza, mahindi yakiwa katika sehemu mbili tu, mtu atavuna magunia matatu na kitu. Huo ndio mwaka mgumu, na wengi hukata tamaa hapo. Mwaka wa pili, sehemu iliyotoka kunde itazidi. Sehemu zote mbili za mahindi zaweza kutoa kama magunia manne. Bado ni gunia moja pungufu ya zamani. Lakini juu ya hayo manne kuna karanga na mbaazi za theluthi ya ekari, ambazo kilo kwa kilo hushibisha mwili kwa nguvu ambazo mahindi hayana; tena kwa kawaida kilo ya karanga zilizomenywa huuzwa ghali kuliko kilo ya mahindi. Na udongo, ambao chini ya mahindi matupu ungezidi kudhoofika, umeanza kurudishiwa. Aogopaye mwaka wa kwanza na aanze na robo ya shamba tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya:

Kwanza, majani ya karanga, soya na kunde yarudishwe shambani mara baada ya kuvunwa, wakati udongo bado una unyevu, yafukiwe katika matuta ya mwaka ujao. Yakiachwa juani miezi mingi hupungua nguvu, na moto wa kiangazi ukipita hakuna kitakachobaki.

Pili, mbuzi na ng'ombe. Baada ya mavuno ya mahindi mifugo huachwa ikatembea, na mbaazi hubaki peke yake zikiwa za kijani. Ziliwe zote kwa usiku mmoja. Mkulima mmoja hawezi kulizuia jambo hili. Ni shauri la wazee wa kijiji kukaa na kupatana mpaka lini mifugo ifungwe.

Tatu, fosfori. Kunde huleta naitrojeni, lakini haileti fosfori; nayo yenyewe ikiikosa haifanyi vinundu vizuri. Mahali palipochoka sana, tia samadi kidogo, au mbolea ya mwamba wa fosfati kama ile ichimbwayo Minjingu, Tanzania ya kaskazini. Mtu asidhani ya kuwa kunde ni mganga wa kila ugonjwa.

Nne, karanga zikaushwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu, na zilizoota ukungu zitupwe, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

KWA WAALIMU

Waalimu wenzetu mnaweza kulifundisha jambo hili bila fedha. Pimeni katika bustani ya shule vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja hatua kumi kwa kumi, mahali ambapo udongo ni wa namna moja. Mwaka wa kwanza kimoja kiwe cha mahindi, cha pili cha karanga, na majani yake yafukiwe pale pale. Wakati wa maua watoto wachimbe mashina machache na kuhesabu vinundu vyekundu. Mwaka wa pili vyote viwili vipandwe mahindi ya mbegu moja, siku moja, kwa nafasi moja, na palizi iwe sawa. Siku ya mavuno pimeni kwa mizani, mkaandike ubaoni, na wazazi waitwe waje watazame. Mtu aliyeona kwa macho yake hahitaji maneno mengi. Naye mtoto aliyepima mwenyewe atalipeleka neno nyumbani kwao.

Basi, ndugu, mvua za kwanza hazijafika na majembe bado yamelala. Huu ndio wakati wa kutembea shambani, baba na mama pamoja, mkatazame ni sehemu ipi imechoka kupita nyingine, mkaitie alama kwa mti. Hapo ndipo karanga na mbaazi zitakapopandwa msimu huu. Na siku ya kuvuna, mama abebapo kikapu cha maganda kwenda nyumbani, majani yaachwe yalale pale pale yalipoota.